Malori Meupe ya Kampuni ya Dobi

Kabla hamjaniuliza tena ni hisa gani mnunue, jibu langu ni lile la Ijumaa iliyopita: sijui. Ningekuwa najua, mnadhani mngenikuta hapa Al Mansoura, kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo, nikingoja binti yangu atoke zamu hospitalini ndipo tujue tunakula nini? Nimefanya kazi na watu wa hisa miaka kumi na minne, nikastaafu, na nilichotoka nacho ni macho mabovu na ubishi. Macho siwezi kuwagawia. Ubishi nawapa bure.

Najua mnachotafuta kwangu. Mmekuja Doha na vyeti vyenu vya kompyuta na uhasibu, mmeishia kupokea simu, halafu mmesikia kanisani kwamba Mama Wakesho aliingia kwenye mnara wa West Bay kama mpokezi wa wageni, akaishia kusimama kwenye mkutano wa wanahisa na kuwauliza wakurugenzi maswali. Ni kweli. Lakini mnasimuliwa kama neema tupu. Neema ilikuwepo, sikatai. Kulikuwa pia na uongo wa mlinzi mmoja, uvivu wangu mwenyewe, na watu zaidi ya mia moja waliokaribia kurudishwa makwao kwa sababu ya karatasi niliyoandika mimi. Hiyo sehemu hamjaambiwa kwa sababu sikumwambia mtu.

Kwanza muielewe kazi yenyewe. Kampuni ikiweka hisa zake sokoni, yeyote mwenye pesa anaweza kununua kipande akawa mwenye kampuni, hata kama kipande chenyewe ni saizi ya ukucha. Wengi wakishanunua hukaa kimya wakingoja gawio. Mfuko wetu wa uwekezaji haukuumbwa kukaa kimya. Kwetu Taita kila kamati ya harusi ina mjomba mmoja. Amechanga kidogo, lakini anataka kujua nyama imenunuliwa wapi, mpishi amechaguliwa na nani, na kwa nini mahema yamekodiwa kwa shemeji ya mwenyekiti. Watu wanamchukia, na mara nyingi ana haki. Sisi tulikuwa yule mjomba, ila tulivaa suti.

Tajiri wangu aliitwa Bwana Faris. Mtu mfupi, msafi, aliyelelewa kati ya Beirut na London, na mezani kwake hapakosi mbegu za maboga. Alikuwa anatafuta kampuni iliyolala, yenye mali nyingi na faida kidogo, ambayo wakurugenzi wake wamezoea viti. Akiipata ananunua hisa polepole, leo kidogo, kesho kidogo, maana soko likinusa kwamba kuna mtu ananunua, bei inaruka. Ukifikia kiwango fulani sheria inakutaka ujitangaze, na siri imekwisha. Hapo anaandika barua ya kwanza, ya faragha na ya adabu: tunaheshimu kazi yenu, tunaomba tuje tunywe kahawa. Wasipojibu, barua ya pili ina meno. Wakinyamaza tena, ya tatu inatolewa hadharani kila mtu aisome, na wenye hisa wengine wanaanza kuulizana maswali.

Mwisho wake ni mkutano mkuu na kura. Na msidhani kura inapigwa kwa vichwa. Inapigwa kwa hisa. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuwazungukia wale wenye hisa nyingi wasiopenda kelele, mnywe chai nao, muwaombe kura zao mapema. Ukiingia ukumbini bado unajiuliza kama utashinda, jua umeshindwa.

Kuhusu barua, ngoja niwape kisa, halafu nirudi. Mwaka wangu wa pili Bwana Faris alikuwa anaandika rasimu, mimi nazisafisha. Rasimu za kwanza alikuwa anazijaza matusi ili hasira imtoke. Siku moja nikatuma ile isiyosafishwa, ambayo pembeni ameandika kwamba mwenyekiti wa kampuni ile ni mzee wa kusinzia na mikutano yake ni ya kusinzia. Nilipogundua, nilikaa chooni nusu saa. Kesho yake mwenyekiti akapiga simu mwenyewe, akatualika chakula cha mchana. Alisema kwa miaka yote hakuna aliyethubutu kumwambia, hata mkewe. Tulipata tulichotaka kabla ya kahawa kuletwa. Msijaribu, lakini. Ilitokea mara moja tu.

Sasa, mimi nilipandaje? Si kwa hesabu. Nilipanda kwa malango. Bwana Faris alinigundua siku aliyoachwa nje ya jengo moja kwa sababu hana miadi, nami, niliyekuwa nimefuatana naye kumbebea mafaili, nikashuka kwenye gari, nikamsalimia mlinzi, tukaulizana wa wapi na wa wapi, na dakika tatu baadaye tulikuwa kwenye lifti. Ninyi mnajua mji huu. Wanaolinda malango ni Wakenya na Waganda, na wengine wengi wenzetu. Mlinzi anaona nani ameingia, nani ametoka akiwa amenuna, na mzigo gani umerudishwa. Bwana Faris alikuwa akiwalipa washauri wa nchi za mbali wamwambie mambo ambayo Mluhya wa langoni anayajua tangu asubuhi. Akanitoa mapokezini. Kazi yangu ikawa kwenda kuangalia kampuni kwa macho: kukaa dukani nione rafu ziko tupu au zimejaa, kuhesabu magari, kunywa chai na kunyamaza.

Wakili wetu alinipa masharti mawili. Unachokiona ukiwa barabarani, mahali ambapo kila mtu anaweza kusimama, ni chako. Lakini usiende kumchimba mfanyakazi wa kampuni akutolee siri, maana hiyo ni kesi, na ukifungwa mfuko hautakujua. Nikaapa kwa kichwa kuwa nimeelewa.

Ndipo ikaja kampuni ya dobi. Si dobi wa pasi ya mkaa, jamani. Hii ilikuwa kampuni kubwa yenye hisa sokoni, inafulia mahoteli na hospitali mashuka, taulo na sare, na kiwanda chake kilikuwa Industrial Area, kwenye ardhi pana ambayo bei yake ilikuwa imepanda kupita mashuka yote yaliyowahi kufuliwa pale. Faida ilikuwa ndogo ajabu. Bwana Faris akaiona ardhi, mate yakamtoka. Akataka kujua jambo moja tu: kiwanda kinafanya kazi, au kimelala? Kama kimelala, tutawashinikiza wakurugenzi wakifunge, wauze ardhi na wagawie wenye hisa.

Na hapa nikiri la kwanza. Kwenye kiwanda kile alikuwa anafanya kazi Nakato, Mganda wa Masaka, idara ya kukunja mashuka. Nakato hakuwa mtu wa mbali kwangu. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja kule Najma, mimi na yeye, pazia katikati, mwaka wa pili huo, kwa sababu mshahara wangu wote ulikuwa unakwenda kwenye karo ya Wakesho. Alijua nafanya kazi ofisi ya pesa West Bay, basi. Kiwanda kikifungwa, Nakato anarudi Masaka kwa watoto watatu na mama mgonjwa. Nilimweleza wakili, naye akasema, basi usiongee naye habari za kampuni hata kidogo. Sharti hilo lilinipendeza kupita kiasi. Nilijiambia kampuni kama imelala imelala yenyewe, si mimi niliyeilaza.

Nikaenda Industrial Area. Mkabala na lango la kiwanda kulikuwa na kibanda cha Mmalayali mmoja, Mhindi wa Kerala, anayeuza karak, ile chai ya maziwa, na nikakaa pale siku sita, chai baada ya chai, hadi tumbo likawa linanguruma maziwa. Malori ya kampuni yalikuwa ya buluu, jina limeandikwa ubavuni. Nikahesabu saba kwa siku. Malori saba kwa kiwanda cha ukubwa ule ni aibu. Kulikuwa pia na malori meupe, hayana jina wala nini, yanapita njia ile ile, lakini jirani kulikuwa na ghala la mitumba ya samani, nikaamua ni ya ghala. Niliamua tu. Sikuinuka kitini kufuata hata moja, kwa sababu jua lilikuwa kali na chai ilikuwa tamu.

Siku ya mwisho nikataka kujihakikishia, nikavuka barabara kwa mlinzi. Kijana wa Bungoma, Wekesa, mpole, kofia imemzidi kichwa. Tukaulizana wa wapi. Nikamuuliza juu juu, hapa malori mengi kweli, au ni haya haya?

"Auntie, hapa ni kulala tu," akaniambia. "Si uone mwenyewe. Kampuni haina kitu. Hata juzi wameambia watu wengine warudi home."

Alikuwa mlinzi wa kampuni ya ulinzi, si wa dobi, kwa hiyo nikajidanganya kwamba sijavunja sharti la wakili. Kwenye ripoti nilimpa cheo, nikamwita mdau aliye karibu na shughuli za kila siku. Mkisoma ripoti yoyote ikawaambia habari za mdau wa karibu, kumbukeni kofia ya Wekesa.

Barua ya kwanza wakurugenzi hawakujibu. Ya pili hawakujibu. Ya tatu ikatoka hadharani: malori saba kwa siku, kiwanda kimelala, fungeni, uzeni ardhi. Bei ya hisa ikapanda siku hiyo hiyo. Ofisini tukaletewa keki. Nilikula vipande viwili.

Nikarudi Najma jioni, nikamkuta Nakato ameketi kitandani na sare yake ya kazi, simu mkononi. Barua ilikuwa imefika kwenye kundi la wafanyakazi la WhatsApp, mtu ameipiga picha. Akanisomea sauti juu, kwa kile Kiswahili chake cha Kampala kilichochanganyika na kila kitu.

"Nyabo, sikia hii. Kuna mjinga amekaa mahali akahesabu malori yetu. Anasema saba. Saba! Na zile nyeupe za kukodi, zinabeba nini, ugali?" Akacheka, halafu kicheko kikakatika. "Watafunga, nyabo. Mimi nitamwambia mama nini?"

Sikuwa nimemuuliza kitu, Mungu ni shahidi. Ila yale malori meupe yalinipita kichwani moja moja, yote niliyoyaona kwa siku sita nikayapa ghala la samani. Nilimwambia Nakato apoe, mambo ya barua huwa hayaendi hivyo. Halafu nikavuta pazia. Niliona haya, wanangu, haya ya kutamani godoro linimeze.

Asubuhi nilikuwa Industrial Area kabla mwenye karak hajawasha jiko. Safari hii nililifuata lori jeupe kwa gari la ofisi, kwenye barabara ya watu wote. Lilikwenda mlango wa nyuma wa hoteli, likashusha mashuka. La pili likaenda hospitali. Hadi jioni nilihesabu malori meupe mara tatu ya yale ya buluu. Nikarudi kwa Wekesa, nikamuuliza bila kuzunguka, kwa nini ulinidanganya?

Kofia ikashuka hadi nyusi. "Auntie, usikasirike. Nilidhani unatafutia mtoto wako kazi. Watu wote wakianza kuuliza maswali kama yako, wanataka kujua kama kuna nafasi. Na mimi niko na binamu yangu, amekaa kwa camp ya wafanyakazi miezi mitatu hana kitu. Nikikwambia kampuni iko sawa, kesho utaleta CV."

Ningemfanya nini? Mimi mwenyewe nilishawaambia watu kumi ofisi yetu haiajiri, nikimwekea nafasi mpwa wangu. Hii ndiyo desturi yetu huku, na hakuna mshauri wa London angeijua. Mhamiaji akiulizwa habari za mahali anapokula, husema sufuria ni tupu. Mimi ndiye niliyepaswa kujua, na ndiyo sababu niliajiriwa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikaenda kwa Bwana Faris nikamwambia nimekosea. Nilikuwa nacheza na riziki yangu, kwa sababu kitambulisho changu cha ukaazi kilikuwa mikononi mwa ofisi ile, na Wakesho alikuwa na miaka miwili ya chuo mbele yake.

Akatafuna mbegu zake, akatema maganda kwenye kisahani. Aliniita Umm Wakesho, kama desturi yao, hata akiwa amekasirika.

"Umm Wakesho, nani mwingine anajua?"

"Wewe, mimi, mlinzi, na wafanyakazi wa kiwanda."

"Basi hakuna anayejua. Ardhi ile ina bei ile ile, kiwanda kikifanya kazi au kisifanye. Tutaendelea."

Nikamwambia kuna watu zaidi ya mia moja mle ndani. Akasema kila kampuni ina watu mle ndani. Hakuwa mtu mbaya, msimfikirie hivyo. Aliletewa pesa za watu azizalishe, na huruma haikuwa kwenye mkataba. Nilitoka nikalia kidogo ngazini, halafu nikajiuliza mjomba wa kamati ya harusi angefanya nini. Mjomba haombi huruma. Mjomba anauliza mahema ni ya nani.

Nikachukua taarifa ya mwaka ya kampuni nikaisoma kuanzia nyuma. Hili ninyi wenye vyeti mlishike. Mbele ya taarifa ya mwaka kuna picha ya mwenyekiti akitabasamu na maneno ya kujisifu. Ukweli unawekwa nyuma, kwa herufi za kukutoa machozi, kwenye maelezo ya hesabu, kwa sababu sheria inawalazimisha kuusema lakini haiwalazimishi kuusema kwa sauti. Niliyasoma Ijumaa na Jumamosi, na kijibandiko kwenye kila ukurasa. Jumamosi saa tisa mchana nikaukuta mstari wenyewe: malipo ya kukodi magari, kwa kampuni inayomilikiwa na mmoja wa wakurugenzi. Kiasi chenyewe kilikuwa kinatosha kununua malori mapya ya buluu kila mwaka na chenji ikabaki. Kikulacho ki nguoni mwako. Kiwanda hakikuwa kimelala hata siku moja. Kilikuwa kinakesha, na faida yake inaondoka kwa lango lile lile ndani ya malori meupe.

Jumapili nikaweka karatasi mbili mbele ya Bwana Faris. Moja inaonyesha tutapata nini ardhi ikiuzwa. Nyingine inaonyesha hisa zetu zitakuwa na thamani gani kiwanda kikibaki na yale malori yakiondoka. Ya pili ilikuwa nene zaidi. Mtu wa pesa msimbembeleze, mleteeni hesabu nzuri kuliko yake. Akaisoma mara mbili, na kwa mara ya kwanza nikaona magego yake.

Tulibishana jambo moja tu. Yeye alitaka barua mpya ijifanye kama ile ya kwanza haikuandikwa. Mimi nikakataa, nikamwambia tukianza kwa kuficha letu, hatuna uso wa kufichua lao. Akanitazama kama vile meza imeongea. Barua ikatoka, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa yangu: Tulihesabu vibaya, tunaomba radhi, na tulipohesabu upya tumeona jambo ambalo wanahisa wote wanapaswa kuliona. Tulichekwa siku mbili. Siku ya tatu wenye hisa wakubwa walianza kutupigia simu wenyewe.

Tulizunguka wiki tatu tukiomba kura. Siku ya mkutano bado zilikuwa zimetupungukia, na hilo nilishawaambia maana yake. Bwana Faris alikuwa ametafuna mbegu hadi ulimi umevimba.

Mkutano ulikuwa hotelini. Nilifika mapema, nimevaa suti yangu nyeusi, shati jeupe. Mwanamke mweusi mwenye suti nyeusi na shati jeupe ndani ya hoteli ya Doha, mnajua wenyewe. Yule mkurugenzi wa malori alikuwa amekaa mstari wa mbele, akaninyooshea kidole bila kuninyanyulia uso, akasema chai, sukari mbili. Bwana Faris akataka kuinuka, nikamkanyaga mguu. Nikaenda mezani, nikamletea chai yake, sukari mbili, na biskuti. Akasema shukran bila kunitazama.

Wakati wa maswali, kipaza sauti kikaletwa kwangu. Mkurugenzi aliponiona nimekishika, alidhani nakipeleka kwa mtu. Nikasema jina langu na idadi ya hisa ninazoziwakilisha, nikauliza: "Bwana Mwenyekiti, malori meupe ni ya nani?"

Mwenyekiti akasema swali hilo halimo kwenye ajenda. Nikamwambia halimo kwenye ajenda, limo kwenye taarifa ya mwaka tunayoombwa kuipitisha leo, ukurasa wa pili kutoka mwisho, herufi ndogo. Nikasikia karatasi zinafunguliwa, moja, mbili, kisha mstari mzima. Kulikuwa na mzee mmoja mbele, kanzu nyeupe, mwenye hisa nyingi, ambaye kwa wiki tatu alitunywesha kahawa bila kutuahidi kitu. Alitoa miwani, akasoma polepole kwa kidole. Akamgeukia mkurugenzi mwenye kikombe changu, akamuuliza kwa Kiarabu jambo fupi. Hata kwa Kiarabu changu cha sokoni nilielewa. Alimuuliza, ni kweli? Na yule bwana akaangalia chai.

Kura zikapigwa. Mkataba wa malori ukavunjwa, yule bwana akapoteza kiti, sisi tukapata kimoja, na kiwanda kikabaki wazi. Msitufanye wakombozi. Mwaka uliofuata bei ilipofika mahali Bwana Faris alipopataka, tuliuza hisa zote tukaondoka, na hakumuaga mtu.

Ijumaa baada ya mkutano, mchana, Nakato alikuwa anamenya matoke sakafuni kwenye kile chumba chetu. Furaha yake ilikuwa ya kuimba. Nami nikaona siwezi kula matoke yale kwa amani. Nikamwambia yote: kibanda cha karak, malori saba, Wekesa, barua. Nikamwambia yule mjinga ni mimi.

Hakuacha kumenya. "Nilijua," akasema. "Nilikuona pale kwa chai, siku ya pili. Nikafikiri unavizia dereva. Nikawaambia wenzangu, mwacheni, amekuwa mpweke sana. Barua ilipokuja, nikaelewa. Ndiyo maana nilikusomea."

Nilikosa pa kuweka uso. Nikaanza kumweleza sharti la wakili, kwamba nilikatazwa kumchimba habari za kampuni, kwamba ingekuwa kesi. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akanionyesha mikono yake. Ilikuwa imechubuka kwenye vifundo kwa dawa za kufulia, mizee kuliko uso wake. Mikono ile ilikuwa inanipakulia chakula kwa miaka miwili.

"Sisemi siri za kampuni," akasema. "Wakili alikukataza kuniuliza nimechoka? Kila siku narudi hapa siwezi kushika kijiko. Mtu wa kampuni iliyolala anachoka hivi? Hujawahi kuniuliza, nyabo. Hata siku moja."

Nikamnyang'anya kisu, nikakaa sakafuni, nikamenya matoke yaliyobaki. Kisha nikamuuliza, nikiwa nimechelewa miaka miwili, kazi ilikuwaje wiki hii. Akaanza kunieleza, na alikuwa na mengi, hadi maji ya sufuria yakakauka tukaanza upya.